Toazi Lililofunika Makande

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Itikia hukohuko Dodoma, mimi nitahesabu kwamba nimeitikiwa.

Nakuandikia kwa mkono, kwa kalamu ya wino, kama ulivyonifundisha kuwaandikia wazazi wangu walipokuwa kazini Dar, kwa sababu simu imetushinda. Nikipiga unasema "ee, ee, sawa mwanangu," halafu unamuuliza Aikande nimesema nini, na huyo binti yako, kwa uvivu wake ninaoujua, anakujibu, "Anakusalimia." Mwaka mzima nimekuwa nikiongea nusu saa nzima, wewe unapewa neno moja. Sasa nimeamua kuandika, na utasoma kila kitu.

Tena barua yenyewe ni ya wazi. Kwaya imeshaisoma, mchungaji ameniwekea mikato pale nilipoisahau, na nakala moja imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa usharika, katikati ya ndoa zinazotangazwa na zamu za usafi. Nimefanya makusudi. Nataka watu wajue ninachokuomba ili ukikataa, ukatae mbele ya watu. Rudi nyumbani Desemba hii, Baba Mdogo. Rudi ukae nyuma ya dramu siku ya Krismasi.

Najua utakachosema. Aikande amenitumia maneno yako kama yalivyo: "Kanisa halina kazi na kiziwi." Desemba iliyopita ulisema hivyohivyo ukabaki huko, wewe Mchaga mzima, wakati barabara ya kupanda huku imejaa magari ya watu wanaorudi kwao. Watu waliniuliza kama umelazwa. Nikasema hapana. Wakaniuliza kama umefulia. Nikasema hapana. Wakabaki wananitazama, maana sababu ya tatu ya mtu kutorudi Desemba hawaijui.

Kwa hiyo vaa miwani, kaa vizuri, nikukumbushe mambo machache kabla sijakwambia moja usilolijua.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Bibi alikuwa ametutuma Kiboriloni kununua mafuta ya taa na kamba ya ng'ombe. Ulikuwa unanieleza jambo, sikumbuki jambo gani, mara ukanyamaza katikati ya sentensi na kusimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Pale kwa mama lishe, nyuma ya wauza ndizi, mama mmoja alikuwa amefunua sufuria lake la makande, amechota, akafunika tena. Kile kifuniko kilipogusa ukingo wa sufuria kilitoa sauti moja tu, tiiing, ikapita juu ya kelele zote za soko. Hakuna aliyegeuka. Wewe ulikwenda moja kwa moja kama umevutwa.

"Mama, hicho kifuniko umekitoa wapi?"

"Nimekikuta kwa mama mkwe. Kwani vipi?"

"Naomba nikigonge kidogo."

"Ukigonge?" Akakutazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Humu mna makande, baba. Siyo ngoma."

Ukaanza upya na salamu. Ukayasifia makande yake, ukaagiza sahani mbili ambazo hatukuwa na njaa nazo, mama wa watu akalegea, akakupa mwiko. Kifuniko kilikuwa cheusi kwa moshi, kizito, kipana kama ungo mdogo, na tundu la katikati alikuwa ameliziba kwa gunzi la mahindi. Alitueleza kwa majivuno kwamba ukichomoa gunzi mvuke unatoka vizuri, ila kina ubaya mmoja tu, kinapiga kelele. Ulikigonga mara tatu: juu ya kinundu cha katikati, tumboni, na ukingoni. Macho yako yalijaa machozi. Mimi nilidhani ni moshi wa kuni.

Ulivuka barabara, ukarudi na kifuniko kipya cha aluminiamu chenye kishikio cheusi, mkabadilishana. Mama alifurahi mpaka akatuongezea makande. "Jamani, wanaume wengine wana huruma," aliwaambia wenzake. Nawe ukaninong'oneza, "Usicheke mpaka tufike kona." Tulipofika kona ulicheza, Baba Mdogo. Mtu mzima na koti lako la Jumapili, ulicheza mbele ya wasukuma mikokoteni huku umelishika lile dude kwa mikono miwili juu ya kichwa, na harufu ya makande ikikushukia mabegani.

"Hili ni toazi, mwanangu," uliniambia ulipopata pumzi. "Tena si toazi la hivi hivi, ni raidi, lile kubwa la kushikilia mwendo wa wimbo. Bendi yetu ilihangaika miaka tisa na kitu kinacholia kama debe, kumbe hili limekaa hapa linapika makande!"

Limefikaje kwa mama mkwe wa yule mama, mpaka leo hatujui. Tulichojua siku ile ni kwamba tumefika nyumbani bila mafuta ya taa na bila kamba, na Bibi alitaka kujua ni kwa nini mwanawe aliyeacha bendi ya mjini akarudi kulima kahawa bado anarudi na vyuma.

Usharika ulikuwa na dramu wakati huo, zile za rangi nyekundu, zenye matoazi membamba. Wewe uliyaita wambea, kwa sababu yaliongea juu ya kila mtu. Ukiyagusa yanalia shaaa, na maneno ya kwaya yote yamekwisha. Ulipolifunga raidi lako upande wa kulia Jumapili ya kwanza, nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na mguu wako. Nilisikia kitu ambacho sikuwa na jina lake. Kwaya ilikuwa inaimba kwa nguvu zote, dramu zinakwenda, na bado ile ting, ting, ting ilikuwa inasikika kila moja peke yake, ndogo, kavu, haimsumbui mtu. Waimbaji walikuwa wametulia juu yake. Hata Mama Ndeonasia, ambaye siku zote hukimbia mbele ya wenzake kama anawahi basi, siku hiyo alikwenda nao sawa.

Baadaye ulinieleza, tumekaa kwenye ngazi ya stoo. "Sauti ya raidi ina kichwa na mkia," ulisema. Kichwa ni pale kijiti kinapogusa shaba, unapoweza kuhesabu. Mkia ni ule mvumo unaobaki nyuma. Likiwa na kichwa kitupu linachosha, ni mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Likiwa na mkia mtupu, kila kitu kinazama humo. Lililo zuri mkia wake hukaa chini, ukakipokea kichwa kinachofuata na kukiachia nafasi. Ukagonga mara moja tu, ukaniambia nisubiri. Nikasubiri. Ting ilikuwa imeshakwenda, na chini yake nikasikia sauti nyingine nene, nyeusi, inazunguka polepole, mpaka nikashindwa kujua imekwisha saa ngapi.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Kwa nini ni nyeusi?"

"Uzee," ukasema. "Moshi, kutu, na uzee. Toazi jipya huongea sana. Hili limeshajifunza kunyamaza."

Ningekuwa nimesikiliza vizuri neno hilo la moshi na kutu, tusingefikia yaliyotokea Krismasi.

Unajua jinsi Bibi alivyokuwa, Mungu amlaze pema. Wiki ya kuja kwa wageni wa Dar nyumba ilikuwa inaoshwa mpaka kuku wanaogopa kupita uani. Nyumba ipakwe chokaa, vyungu vya pombe ya mbege visuguliwe, sufuria zote zing'ae mtu ajione uso. Nilipewa majivu, limau na mchanga laini, nikaanza asubuhi. Nilipomaliza sufuria nikaliona toazi limetundikwa stoo, jeusi na la kahawia, na moyo wangu ukaniuma kwa ajili yako. Nilijisemea, maskini Baba Mdogo, amelifuta tu kwa kitambaa, hana mke karibu wa kumsaidia. Mama Aikande alikuwa masomoni mwaka ule. Nikalisugua toka saa sita mpaka jua linazama. Vidole vilichubuka. Nilipomaliza lilikuwa la dhahabu, Baba Mdogo, kioo cha kuchania nywele. Nikalifunga kwenye kanga nisikuonyeshe mpaka kanisani.

Uso wako siku ile sitausahau nikiwa hai. Ulifunua kanga, ukainua macho.

"Nani?"

"Mimi!" nikasema, najiona malkia.

Ukaligonga kidogo kwa ncha ya kijiti. Lilipiga kelele kama mtoto aliyebanwa kidole mlangoni. Kichwa hakikuwepo, ni mkia mtupu, mkali, unaenda mpaka darini na kurudi. Ukalitazama, ukanitazama, ukasema, "Limependeza." Kisha ukavua tai yako mpya, zawadi ya shemeji yako, ukaifunga kwenye skrubu ya katikati ilalie juu ya shaba imeze kelele, ukapiga ibada nzima hivyo. Watu wakasema tai imekuwa pambo zuri la sikukuu. Mimi sikujua kitu mpaka mpiga gitaa la besi aliponiambia nje, "We mtoto umeua toazi."

Nilikimbilia kihambani, nikajificha kati ya migomba na kahawa. Bibi ndiye aliyenipata.

"Nani alikutuma uoshe vitu vya watu?"

"Wewe, Bibi."

"Mimi nilisema sufuria!"

"Lilikuwa kifuniko cha sufuria."

Bibi akaenda kwenye uzio, akakata jani la sale, akanipa. Hukuhitaji kufundishwa maana yake na mimi pia sikuhitaji. Kwetu ukilipeleka hilo jani kwa mtu uliyemkosea, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe, hata awe na hasira kiasi gani. Nilikukuta zizini unamlisha ng'ombe. Nikanyoosha mkono bila kukutazama.

Ulilipokea. Ukaligeuza huku na huku. "Bibi yako ana haraka," ukasema. "Mimi nilitaka nikasirike walau mpaka jioni."

Halafu ukacheka. Ulicheka mpaka ng'ombe akaacha kula. Ukaniambia umesamehe, ila adhabu iko palepale. Toazi lililosuguliwa linarudi kwa njia mbili tu, udongo na kupigwa. Udongo ungekuwa kazi yako, kupigwa kungekuwa kazi yangu mimi.

Tukalizika. Mwezi wa kwanza, nyuma ya zizi, ndani ya samadi, tukiwa wawili na koleo moja. Bibi alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono kiunoni. "Mwanangu anazika vyombo," alisema kwa sauti ya kutosha jirani kusikia. "Nilijua muziki utamfikisha hapa." Kabla ya Pasaka tukalifukua. Lilitoka na madoa ya kijani na kahawia, limechukia kabisa, na ile tabia ya kupiga kelele ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Tuliliosha kwa maji mara nne. Hata hivyo Jumapili ile watu wa mabenchi ya mbele walikuwa wakijikagua nyayo za viatu, na wewe ulikuwa unapiga kwa uso wa mtu asiyejua lolote.

Sehemu yangu ya adhabu ilianza hapo. Ulipokata mikahawa ya zamani ulichagua matawi yaliyonyooka, ukayakausha darini juu ya moto wa jiko, ukayachonga kwa kisu na kuyalainisha kwa kipande cha chupa, mpaka ncha ikawa ndogo kama punje ya kahawa yenyewe. Ulisema mti wa kahawa ni mgumu na mzito, unalipatia toazi kichwa kizuri. Nilijifunza kwanza kwenye gunia la pumba. Miezi miwili gunia la pumba! Kisha ukaniruhusu kugusa toazi, kwa mkono mmoja, kila jioni baada ya kukamua, nyimbo zote za kitabuni toka wa kwanza.

"Usilipige," ulikuwa unaniambia. "Kiache kijiti kianguke, kiinuke chenyewe. Wewe kazi yako ni kutokizuia."

Nilikuwa na miaka kumi na minne uliponikalisha kwenye kile kiti ibada ikiwa imejaa. Mzee mmoja wa kanisa alikufuata kabla hata wimbo haujaanza. "Msichana apige dramu?" Ukamjibu kwa adabu zote, "Mzee, dramu hazijauliza." Nikapiga. Mapigo yangu hayakuwa sawa, toazi likaficha makosa yangu yote ndani ya ule mkia wake. Nilipokutazama ulikuwa umesimama karibu na nguzo, umefumba macho, kidole chako kinapiga kwenye paja pamoja nami. Sijawahi kufurahi hivyo tena, na nimefurahi mara nyingi.

Sasa nikupe habari za toazi lenyewe, maana najua masikio yako yalianza kulipoteza kabla hujamwambia mtu. Kwanza lilikupotea kichwa, si ndiyo? Ile ting nyembamba ya juu. Niliona ulivyoanza kupigia kwenye kinundu cha katikati, mahali penye sauti kubwa, na kusema unabadilisha mtindo. Nilijua, nikanyamaza. Nisamehe kwa hilo, au nikuletee sale jingine.

Lina miaka ishirini na zaidi tangu tulizike, na limezeeka vizuri kuliko sisi sote. Limekuwa jeusi tena, ile rangi ya kahawa iliyokaangwa sana. Ukiligonga tumboni kwa ncha, kichwa ni kikavu na kidogo, karibu useme ni mbao inagonga mbao, halafu nyuma yake shaba inaamka. Mkia umekuwa mfupi. Wimbo wa polepole unausikia unavyohema kati ya pigo na pigo. Wimbo wa mbio haujikanyagi hata kidogo. Kinundu chake bado kina ile sauti ya kengele ya mbuzi, safi. Ukingoni ukilipiga kwa ubavu wa kijiti linafunguka lote mara moja, paa zima linajaa, na ukiliacha linarudi chini lenyewe bila kushikwa. Vijana wa kwaya wa mjini walikuja mwezi wa nane na dramu zao mpya, matoazi yanang'aa kama meno. Mpiga dramu wao aliligonga letu mara moja akaniuliza, "Dada, hii chuma ni ya wapi?" Nikamwambia Kiboriloni. Hakuamini, na mimi sikumlazimisha.

Sasa lile usilolijua.

Wiki tatu zilizopita Aikande alikuja Moshi kwa mambo ya kazi, akalala kwangu. Tukiwa tunamenya ndizi za mtori nikamuuliza ni nini hasa kilikuondoa huku, maana sisi wote tulijua ulikwenda kutibiwa masikio, tukasubiri urudi. Akaniangalia. Akasema, "Dada, si ile Jumapili ya Mavuno? Baba alisema alipitiliza. Kwaya ilimaliza wimbo, yeye akaendelea kupiga peke yake, kanisa zima likanyamaza kwa kumwonea aibu. Alisema hakuna hata mmoja aliyekuja kumgusa bega."

Niliacha kisu kwenye sinia.

Baba Mdogo, soma hapa polepole. Wimbo haukuwa umekwisha. Umeme ulikatika.

Ulikatika katikati ya ubeti wa tatu. Spika zilikufa, kinanda kikafa, gitaa la besi likafa, na kwaya, ambayo siku hizi imezoea kujisikia kwenye spika, ikapotea na kufunga midomo. Wewe ulikuwa umefumba macho kama kawaida yako. Mkono wako haukuyumba. Ulibaki wewe na raidi, hakuna kitu kingine, na ndipo kwa mara ya kwanza sisi sote tukalisikia lile toazi bila kipaza sauti, bila kinanda, bila mtu juu yake. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameinua mkono awarudishe waimbaji. Nilimwona akiushusha. Aliniambia baadaye kwamba aliona ni dhambi kuingilia. Mtoto wa mtu aliyekuwa analia mlangoni alinyamaza. Mama Ndeonasia alikaa chini na kitambaa usoni. Mikungu ya ndizi na madebe ya maziwa yaliyoletwa kwa ajili ya mavuno yalikuwa yamepangwa mbele pale, na mchungaji amesimama katikati yake, kinywa wazi kidogo. Ulipiga hivyo kiasi cha beti mbili nzima. Ndiyo sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, na mimi nimekulia kando yake.

Kisha ukafungua macho. Ukaona midomo imefungwa na watu wote wanakutazama. Sasa najua ulichodhani. Ukaweka vijiti juu ya dramu ndogo, taratibu, ukainuka, ukatokea mlango wa nyuma.

Na sisi tukapiga makofi. Kanisa zima, Baba Mdogo! Watu walisimama, akina mama wakapiga vigelegele mpaka wa mabenchi ya nje wakachungulia kujua kuna nini. Ulikuwa umeshatupa mgongo. Hukusikia. Tulidhani umetoka kwa unyenyekevu, tukakusifu hata kwa hilo. Jumatano yake tukasikia Aikande amekuchukua, na ukaondoka hapa umebeba jambo ambalo halikutokea.

Nililia siku ile Aikande aliponiambia, nikalia tena nilipowaeleza kwaya, halafu mtu mmoja akaanza kucheka, tukacheka wote, maana ni umeme tu, umeme wetu huu huu wa kila siku. Wote waliokuwepo wameweka sahihi nyuma ya karatasi hii. Wengine wameongeza na maneno. Ya Mama Ndeonasia usiyasome mbele ya wajukuu.

Sitakudanganya kwamba masikio yako ni mazima. Najua si mazima. Lakini mikono yako ilipiga beti mbili bila kitu cha kufuata, na haikukosea hata pigo moja. Tumeshapanga. Nitakaa kwenye kigoda pembeni yako, mkono wangu begani mwako. Kwaya ikianza nitakugonga mara nne. Ubeti wa mwisho ukifika nitakubana, na ukiisha nitakubana zaidi. Mengine unayajua kuliko sisi. Aikande amekubali kukuleta na watoto, na safari hii nimemwambia akupe maneno yote, si salamu peke yake.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kwaya nikatangaza kwamba Krismasi mimi sipigi. Mwalimu wetu, yule kijana, alishika kichwa. "Dada, usituue. Asipokuja je? Hatuna mpiga dramu mwingine."

"Najua," nikamwambia. "Asipokuja mtaimba kavu."

Wamekubali, kwa shingo upande lakini wamekubali, na imeandikwa kwenye ratiba iliyoko ubaoni: dramu, na mbele yake jina lako peke yake. Kwa hiyo usiniambie kanisa halina kazi na wewe. Kazi ipo, na hakuna mwingine aliyepewa.

Msalimie Mama Mdogo na wajukuu, na Aikande mwambie bado namdai maelezo ya mwaka mzima. Nakupenda, Baba Mdogo. Sijawahi kukwambia kwa mdomo, kwa sababu kwetu hatuna mazoea hayo. Leo nimekuandikia kwa wino, kwa herufi kubwa, kila mtu wa usharika amesoma, na huwezi kujifanya hukusikia.

Ni mimi mwanao,
binti wa kaka yako